Watoto Wana Ndoto Tele, Wanachokosa ni Njia

Muulize mtoto wa darasa la nne atakuwa nani akikua, na jibu litatoka hata hujamaliza kuuliza: rubani, daktari, mwanajeshi, mwalimu, na siku hizi mwanasoka. Wazazi hucheka kwa furaha, mgeni rasmi hupiga makofi, na mazungumzo huishia hapo. Miaka sita baadaye mtoto yuleyule anakabidhiwa fomu ya kuchagua masomo, na ndipo inapobainika kuwa tangu siku ile hakuna mtu aliyerudi kumuuliza lolote. Hali hii haiko kwetu peke yetu. Katika majibu ya vijana wa miaka 15 walioshiriki upimaji wa kimataifa wa PISA mwaka 2018, shirika la OECD lilikuta kwamba katika nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitarajia kufanya mojawapo ya kazi kumi tu, zilezile zinazotajwa kila mahali. Watoto hawapungukiwi ndoto. Wanachopungukiwa ni mambo matatu ambayo mtoto hawezi kujipatia mwenyewe: imani kwamba ya kesho yatafika kweli, habari sahihi za njia ya kwenda huko, na ujuzi wa kukabili kikwazo kinapotokea. Yote matatu yako mikononi mwa watu wazima, na hapo ndipo msaada kwa mtoto unapopaswa kuanzia.

Kabla ya kufika huko, kuna hadithi moja inayopaswa kuwekwa kando, kwa sababu imerudiwa katika semina na vitabu vya mafanikio hadi watu wakaiamini. Inasemwa kwamba mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliulizwa kama wameandika malengo yao, asilimia tatu tu wakasema ndiyo, na miaka ishirini baadaye hao wachache wakawa na mali kuliko wenzao wote kwa pamoja. Utafiti huo haukufanyika. Waliojaribu kuutafuta, chuo chenyewe kikiwemo, hawakuona dalili yake yoyote. Kuandika lengo kuna faida zake, lakini karatasi haina miujiza. Anayempa mtoto daftari jipya na kumwambia aandike atakakokuwa baada ya miaka ishirini, kisha akaridhika kuwa amemaliza kazi, amefanya sehemu ndogo kuliko zote.

Tuanze na imani. Upo utafiti mwingine, huu wa kweli, ambao umetuathiri zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaweka watoto wadogo mbele ya kitu kitamu na kuwaambia: ukisubiri hadi nirudi bila kula hiki, utapata viwili. Walipofuatiliwa baadaye, ilionekana kwamba waliosubiri zaidi walifanya vizuri zaidi shuleni na maishani. Wengi wakahitimisha kwamba subira ni tabia ya kuzaliwa nayo, na kwamba mtoto asiyeweza kusubiri hana haja ya kuzungumziwa mambo ya mbele. Lakini mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walipochunguza takwimu za watoto zaidi ya 900, wengi wao wakiwa wa kina mama wasiosoma hadi chuo kikuu, uhusiano kati ya subira ya utotoni na mafanikio ya baadaye ulikuwa mdogo, na ulipungua zaidi walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa awali wa mtoto. Kumbe sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa moyo wa mtoto ilikuwa ni mazingira ya nyumba aliyotoka.

Mazingira hayo hufanyaje kazi? Jibu moja zuri lilitoka Chuo Kikuu cha Rochester mwaka 2013. Celeste Kidd na wenzake walichukua watoto 28 wa kati ya miaka mitatu na mitano. Kila mtoto alipewa kalamu za rangi zilizochakaa na kuambiwa kwamba akivumilia kidogo ataletewa nyingine nzuri zaidi. Kwa nusu yao mtu mzima alirudi na vifaa vizuri kama alivyosema. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi, akasema kumbe havipo. Baada ya hapo ndipo walipowekewa peremende moja na kuahidiwa ya pili. Waliotimiziwa ahadi ya kwanza walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walisubiri dakika tatu. Watoto 28 ni wachache, na jaribio dogo lisibebeshwe mzigo mkubwa. Hata hivyo linaonyesha jambo ambalo busara ya kawaida inalikubali: mtoto asiyesubiri huenda amepiga hesabu yake vizuri. Kama ya baadaye hayaji, kula sasa ndiyo akili.

Barani mwetu kuna ushahidi unaokamilisha picha. Bettina Lamm na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walilinganisha watoto wa miaka minne wa familia za wakulima wa jamii ya Nso nchini Kamerun na watoto wa tabaka la kati wa Ujerumani. Badala ya peremende, watoto wa Nso waliwekewa andazi la kwao. Takriban saba kati ya kumi walisubiri hadi mwisho, na wengi walikaa kimya bila kuhangaika. Kwa Wajerumani hawakufika watatu kati ya kumi. Watafiti waliihusisha subira hiyo na malezi ya Nso, ambako mama humlea mtoto kwa karibu sana huku akimtarajia atulie na ajidhibiti mapema. Mtu anayedai kwamba watoto wa vijijini Afrika hawana desturi ya kutazama mbali ana kazi ya kueleza matokeo hayo.

Hoja hizi zinatua moja kwa moja kwenye kibubu cha mtoto. Katika nyumba nyingi mtoto huhimizwa kuweka akiba: mia mbili ya shangazi, mia tano ya sikukuu. Kisha mwezi unakuwa mgumu, mzazi anakivunja au anakichokonoa kwa kijiti, anasema atarudisha, na harudishi. Fedha zenyewe pengine hazikufika elfu kumi. Lakini somo alilopata mtoto ni kubwa: cha kesho huliwa na wenye nguvu leo. Tunasema ahadi ni deni, ila kwa watoto tunaifanya deni lisilodaiwa. Mzazi anayetaka mwanawe apange miaka kumi aanze na ahadi za siku kumi, achague chache anazoziweza, na azitimize. Akishindwa, aseme ameshindwa na lini atalipa, kama ambavyo angemwambia mtu mzima mwenzake. Malengo ya muda mrefu hujengwa juu ya imani hiyo, na hakuna hotuba inayoweza kuchukua nafasi yake.

Jambo la pili ni njia. Mtoto anaweza kuamini kabisa kwamba kesho ipo, na bado asijue mlango uko wapi. Mwaka 2010 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti kuhusu wavulana wa darasa la nane katika Jamhuri ya Dominika. Wengi walidhani kumaliza sekondari kunaongeza kipato kidogo tu, kwa sababu walipima kwa watu waliowaona mtaani kwao. Walioelezwa takwimu halisi za mishahara walisoma kwa wastani miezi miwili hadi minne zaidi katika miaka minne iliyofuata. Huko Madagaska, Trang Nguyen aliripoti mwaka 2008 kwamba kuwapa wazazi na wanafunzi takwimu za aina hiyo kulipandisha alama za watoto. Alijaribu pia kuwaleta shuleni watu waliofanikiwa wasimulie maisha yao. Aliyetoka familia maskini aliwainua watoto maskini. Aliyetoka familia yenye uwezo hakuwabadilisha. Na Kampala, mwaka 2016, Emma Riley aliwaonyesha wanafunzi waliokaribia mitihani ya taifa filamu ya Queen of Katwe, inayohusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe aliyepata jina katika mchezo wa sataranji, huku wengine wakionyeshwa filamu tofauti. Wanafunzi wa kidato cha nne walioiona ile ya Katwe walipunguza kufeli hisabati. Katika tafiti hizi zote kilichomsogeza mtoto ni kuona njia halisi, ama kwa takwimu za kweli au kwa mtu anayefanana naye aliyeipita.

Sasa tazama ilivyo kwetu. Binti wa Tanzania anasema tangu darasa la tatu kwamba atakuwa daktari. Kwa utaratibu ambao wengi wamesoma nao, anapoingia kidato cha tatu ndipo huamuliwa kama ataendelea na fizikia na kemia. Fizikia inamsumbua, rafiki zake wanaiacha, naye anaiacha. Hakuna aliyemwambia kwamba shahada ya udaktari huhitaji ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia katika kidato cha sita, yaani tahasusi ya PCB, na kwamba bila fizikia ya kidato cha nne hafiki huko. Hakuna aliyemwambia pia kwamba ipo stashahada ya afisa tabibu ambayo mtu huweza kuanza baada ya kidato cha nne, nayo inadai masomo hayohayo matatu. Akiwa na miaka 15, kwa uamuzi wa mchana mmoja, amefunga milango miwili bila kujua kuwa ilikuwa wazi. Akijaza baadaye fomu ya machaguo ya tahasusi na vyuo, anachagua kati ya vilivyobaki. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulioanzishwa mwaka 2017 unamtaka mwanafunzi achague anapomaliza gredi ya tisa mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa pamoja; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Kipindi chenyewe ni kilekile, miaka 14 au 15. Mifumo yetu inawadai watoto uamuzi wa muda mrefu mapema sana, na haina haki ya kuwadai hivyo bila kuwapa habari.

Jambo la tatu ni kikwazo. Hapa malezi ya siku hizi hukosea kwa nia njema: tunamwambia mtoto afumbe macho ajione tayari yuko kwenye chumba cha rubani. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ametumia miaka mingi kuchunguza athari ya kuota hivyo. Katika utafiti mmoja aliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani. Wale waliojistarehesha zaidi kwa kujiona tayari kazini, baada ya miaka miwili walikuwa wameomba kazi chache, wamepata nafasi chache, na wanalipwa kidogo. Ndoto tamu humpa mtu raha ya kufika kabla hajaondoka. Dawa aliyopendekeza ni kuiweka ndoto na kikwazo chake bega kwa bega, kisha kuamua mapema: likitokea hili, nitafanya lile. Mwaka 2013 Angela Duckworth, Oettingen na wenzao waliwagawa watoto 77 wa darasa la tano nchini Marekani katika makundi mawili: moja lilifundishwa njia hiyo na jingine liliwaza mazuri tu. Waliojifunza kutazama kikwazo walipata alama bora, walihudhuria vizuri zaidi na mwenendo wao ulisifiwa zaidi na walimu.

Njia hii haihitaji mtaalamu. Mtoto wa darasa la sita anasema anataka kufaulu hisabati ili aende shule yenye maabara nzuri. Mama haishii kumwambia atafaulu. Anamuuliza ni kitu gani ndani yake au nyumbani kitakachomzuia. Mtoto anafikiri, anasema akitoka kuchota maji huwa amechoka na televisheni ya jirani inamvuta. Wakubaliane: nikitua ndoo ya mwisho, kabla sijaenda kwa jirani, nafanya hesabu tano. Mama naye ana lake: siku ya mtihani wa majaribio, ndoo zitachotwa na mwingine. Lengo la miaka limeteremshwa hadi kwenye ndoo na daftari, na kila upande umejua sehemu yake. Umri nao uzingatiwe. Mtoto wa miaka sita hawezi kuukamata mwaka 2040, lakini anaweza kulea kifaranga hadi kitage au kupanda mahindi yake kwenye tuta moja na kuyavuna. Wa miaka 11 anaweza kupanga muhula. Wa miaka 14 ndiye wa kukaa naye mezani na orodha ya masomo, vyuo na sifa zake. Kumrukisha hatua ni kumfundisha kukariri majibu ya wakubwa.

Wapo watakaouliza: mzazi aliyeona mengi asimchagulie mtoto? Swali lina uzito, kwa sababu mzazi ndiye anayelipa na ndiye anayeijua dunia. Lakini kuijua dunia ya 1995 si sawa na kuijua ya 2035, na mtoto anayebeba lengo la baba yake huliweka chini mara baba anapogeuka. Vyuo vikuu vina vijana wengi wanaosoma walichochaguliwa na kuhesabu siku. Kazi ya mzazi ni kumwonyesha mtoto milango yote, kumweleza gharama ya kila mmoja, na kusema wazi kile ambacho familia haitakiweza. Mpaka huo ni wa haki. Kinachobaki ndani ya mpaka kiwe cha mtoto, pamoja na ruhusa ya kubadili mawazo kabla ya siku ambazo haziruhusu kubadili.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Mtu atasema: unazungumzia miaka kumi katika nyumba isiyojua chakula cha jioni kitatoka wapi? Ni kweli, na ushahidi wenyewe unakiri. Katika ule utafiti wa Jensen, watoto wa familia maskini kabisa waliielewa habari kama wenzao, lakini haikuwabakiza shuleni, kwa sababu fedha haikuwepo. Habari haijazi tumbo. Ndiyo maana elimu bila ada iliyoanza Tanzania mwaka 2016 na kufikishwa kidato cha sita mwaka 2022, na mikopo ya elimu ya juu, ni sehemu ya mjadala huu wa malengo ya watoto. Lakini kutoka hapo kusema kwamba maskini wasipange ni kuruka hatua. Huko Bengal Magharibi, India, sheria ya 1993 ilitenga theluthi ya nafasi za uongozi wa vijiji kwa wanawake. Lori Beaman, Esther Duflo na wenzao walionyesha mwaka 2012 kwamba katika vijiji vilivyowahi kuongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili, pengo kati ya matarajio ya vijana wa kiume na wa kike kuhusu maisha yao lilipungua kwa asilimia 32. Vijiji havikutajirika ghafla; wasichana walimwona mwanamke kiongozi asubuhi na jioni, na mbele yao pakaonekana. Tena ni nyumba maskini isiyo na nafasi ya kukosea: mtoto wa tajiri aliyeacha fizikia atalipiwa kozi ya mzunguko, wa fundi cherehani hana mzunguko.

Wengine watasema mipango ni ya Mungu. Wanaosema hivyo wanaijua pia habari ya Yusuf, iliyomo katika Qurani na Biblia, aliyeweka chakula cha miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Kumtegemea Mungu hakukumzuia kujenga maghala. Na wapo wanaohofia kwamba lengo likishindikana mtoto atavunjika. Hofu hiyo ni ya haki kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne, lakini anayevunjika ni yule aliyefundishwa jina moja la kazi kana kwamba ndiyo thamani yake. Anayetaka kutibu watu anaweza kuwa daktari, afisa tabibu, muuguzi, mtaalamu wa maabara au mfamasia. Lengo likishikwa kwa kile anachotaka kufanya duniani, kufungwa kwa njia moja kunamfanya atafute nyingine. Hilo ndilo jibu pia kwa wanaosema kazi za leo hazitakuwepo: majina ya kazi yatabadilika, lakini atakayekuwa amezoea kutimiza ahadi, kutafuta habari na kupanga dhidi ya kikwazo atakuwa na zana za kupangia upya.

Shule zetu zinaweza kuanza bila kungoja bajeti mpya. Kata nyingi zina afisa tabibu, fundi umeme aliyepita chuo cha ufundi cha VETA, bwana shamba, karani wa mahakama, mara nyingi waliosoma shule hiyohiyo na kwenda peku njia ileile. Waitwe wazungumze, na wasiitwe kwa kidato cha nne, ambako machaguo makubwa yameshafanyika. Waitwe kidato cha kwanza, na wazazi wawepo, na wageni hao waulizwe walipata divisheni gani, nani aliwalipia, walifeli wapi, na wanalipwa kiasi gani. Mwalimu wa ushauri nasaha aandike ubaoni ni somo gani linafunga mlango upi, kabla ya mwanafunzi kuliacha. Mtoto atakayetoka kwenye kikao hicho akisema bado anataka kuwa rubani atakuwa anasema neno tofauti na lile alilolisema darasa la nne, kwa kuwa sasa anajua fizikia inamsubiri, ada ni kiasi gani, na nani nyumbani ameahidi nini. Nasi tuliomwahidi tutakuwa tumejulikana kwa majina.